Daftari la Shuwari

Tulishuka Jumatano, pale Gombani,
magharibi imekaribia, muadhini anakohoa kwenye kipaza.
Haikuwa hata penalti. Mpira ulimgonga Shaame kisigino,
kipa wetu mwenyewe, ukajiviringisha kama yai
mpaka ndani. Mtu angeuwahi kwa kutembea.
Hakuna aliyetembea.

Lori la Kombo Asaa likarudi Wete taa moja imezima.
Njia nzima aliyesema ni Bi Time tu:
"Jezi nileteeni leo leo.
Tope la kushuka likilala halitoki."

Mimi ni mshika daftari.
Mabao wanaandika wengine. Mimi naandika
nani katoa elfu mbili, nani kaahidi,
nani anasema "kesho" tangu Mfunguo Mosi.
Ligi Kuu tulikuwa majina mia na sitini na tatu.
Wiki mbili baada ya Gombani, thelathini na tisa.
Mmoja alikuja kuniomba nimfute kwa wino,
mkwewe asije akaliona.

Usiku akapiga Suweid, kutoka Ohayo,
kwao jua bado li utosini.
Suweid mwana wa ami yangu, tuliyegombea naye
tundu moja la ukuta, jicho kwa zamu, tuone mechi bure.
Siku hizi ana kiti chenye namba
na mahali pa kutulizia soda.
"Huku timu haishuki," akasema.
"Iwe ya mkia, mwakani iko pale pale, na jezi mpya.
Nafasi imenunuliwa. Kama kiwanja chenye hati."
Na ya chini, nikamuuliza, ikizifunga zote?
Akanyamaza. Nikasikia friji lake linanguruma.
"Hupewa kikombe," akasema. "Hubaki nacho chini."

Mpanda ngazi hushuka, walisema wa kale.
Hawakusema habari ya ngazi yenye mwenyewe,
kailaza ndani, kafunga mlango.

Nilimwonea wivu, sitaficha.
Kulala bila kupiga hesabu
za wale wakifungwa na sisi tukipata sare!
Kisha usingizi ukanikimbia kwa jambo jingine:
kama chini ya daraja hakuna shimo,
unashangilia nini unapovuka?

Nilimwambia Bi Time asubuhi.
"Kisichoshuka mimi nakijua," akasema, "bei ya mchele,"
akaikamua namba sita mpaka ikalia.
Shaame alikuwa kasimama mlangoni, hathubutu kuingia.
Akamtupia yake ya kwanza, bado mbichi.
"Shika. Na kisigino nimekuoshea."

Ijumaa pesa zikaingia kwenye simu, elfu arobaini,
na sauti nyuma yake:
"Niandike. Huku nina timu ya kutazama.
Nataka ya kuniuma."
Nikamwandika. Namba arobaini,
chini ya yule niliyemfuta, ambaye
wino wangu mbaya, bado anasomeka.

Mechi ya kwanza ya Daraja la Pili, Konde.
Uwanja una mteremko:
kipindi cha kwanza tunapanda, cha pili tunateremka,
na lango la juu halina wavu.
Watazamaji ishirini na saba,
mmoja wao alikuwa anapita tu.
Suweid alipiga mara nne kabla ya mapumziko,
kwao asubuhi, yuko kazini, kajificha chooni,
ananong'ona: "Ngapi? Nani anao?"

Moja kwa moja.
Dakika ya themanini na nane nikamwambia, kona, yetu,
Shaame mwenyewe kapanda, kaacha lango,
Bi Time kasimama juu ya ndoo,
mpira umepigwa, uko juu,
na simu yangu ikazima chaji.

Umeme Wete ulirudi baada ya isha.
Basi mchana kutwa, huko Ohayo,
palikuwa na mtu mmoja
anautazama mpira wetu hewani.